Nusu ya Kalima

Watu wa Mafubira, kando ya mji wa Jinja, walikuwa wakimsifu Hajara, na sifa zile ndizo zilizokuwa zikimmaliza. Akipita asubuhi na beseni lake la gurusa kichwani, ile mikate laini ya ngano ambayo Wanubi huipika juu ya chuma, wanawake waliokuwa wakifagia nyua zao walinyoosha migongo wamwombee. Mungu akupe nguvu, Mama Jamil. Pepo yako unaijenga hapa hapa duniani, Mama Jamil. Aliitikia amina na kuendelea na njia, akijisemea moyoni kwamba mzigo wa mwenzio kwako ni kanda la usufi. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwinua Bakhit, mume wa Hajara, kutoka kitandani, kumfuta, kumgeuza na kumlaza tena, kisha akagundua kwamba shuka aliyotandika sasa hivi imelowa.

Alikuwa amechoka, tena si uchovu ule unaoisha ukilala. Mgongo ulimuuma, viganja vilikuwa vimepasuka kwa sabuni, na usingizi wake ulikuwa wa vipande vipande. Lakini hayo angeyavumilia. Kilichomtisha ni kitu ambacho hakumwambia mtu: hakujua tena kama anampenda mume wake. Alikuwa akijitafuta ndani kama mtu anavyopapasa mifuko yake akitafuta ufunguo, na hakuna alichokigusa.

Bakhit alikuwa askari magereza, mjukuu wa wale wanajeshi walioletwa kutoka Sudani zamani na kuzaa humu. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuita watu kwenye gwaride, na alipostaafu alihamia Mafubira na sauti yake ileile, hata majirani wakajua kila alichotaka kula. Mwaka uliotangulia, wakati wa mvua, aliinama kuvaa ndala zake aende msikitini, na hakuinuka. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia, mkono na mguu na nusu ya uso. Kikamchukua na maneno. Kinubi alichonyonya kwa mama yake kikaenda, Kiswahili cha kazini kikaenda, Kisoga na Kiganda vikaenda pia. Yalimbakia maneno mawili tu, nayo aliyasema mchana kutwa: La ilaha.

Daktari alisema hutokea hivyo. Kile ambacho ulimi umekirudia sana hubaki hata kichwa kikiharibika. Hajara hakuhitaji kuelezwa zaidi, maana yeye ndiye aliyejua kwa nini ni maneno yale, na kwa nini yanakatikia pale.

Hadithi yake ni ya zamani, ya wakati wakiwa maharusi katika nyumba za askari. Bakhit alikuwa akirudi zamu, anaswali Alfajiri na kuketi mkekani kuvuta uradi, na kabla tasbihi haijafika mbali kidevu kiko kifuani. Hajara alimcheka. Bakhit akasema basi tugawane: mimi nitasema La ilaha, wewe utanimalizia illallah, na atakayesinzia tutamjua. Ndivyo walivyoanza. Masheikh wakali wangekunja uso wakisikia kalima inakatwa vipande viwili kama muwa, lakini maharusi wale hawakuomba ruhusa ya mtu.

Mwezi haukupita wakagombana. Chuma cha gurusa ambacho Hajara alipewa na mama yake siku ya harusi, Bakhit alikichukua na kumpa dada yake Juwairiya bila hata kuuliza. Hajara alinuna. Hakupika vizuri, hakuitika vizuri, na usiku alilala akiutazama ukuta. Alfajiri Bakhit akaketi mkekani kama kawaida, akasema La ilaha, akanyamaza.

Sasa fikiria. Hapana mungu, amesema mtu, na amekaa hapo na nusu yake mdomoni. Ukimwacha hivyo umemwacha ukingoni mwa kufuru, mume wako wa ndoa, na wewe ndiye uliyeshika kamba. Hajara alijitahidi kukaza moyo. Alihesabu mabati ya dari. Mwishoni hofu ilimshinda, akageuka na kumtupia illallah kwa meno yaliyokazana, kama mtu anavyomtupia mbwa mfupa. Bakhit akacheka mpaka akakohoa. Naye Hajara, bila kutaka, akacheka.

Tangu siku ile ugomvi wao haukupata kuvuka alfajiri. Waligombana sana, msidhani ni malaika. Bakhit alikuwa mkaidi na Hajara alikuwa na ulimi. Lakini huwezi kumnunia mtu anayekungojea umtoe kwenye ukafiri. Na kwa ile nusu kalima Hajara alimjua mume wake kuliko kwa mazungumzo, maana hawakuwa watu wa mazungumzo. Alijua siku aliyotukanwa na mkubwa wake kazini, alijua siku aliyoogopa, alijua asubuhi ile alipokuwa na furaha ya kuzaliwa kwa Jamil. Yote alisikia katika namna alivyoyatamka maneno yaleyale. Walikuwa wakimtaja Mungu, na huku wakisikilizana.

Ndiyo mambo yalivyokuwa. Lakini alfajiri ni kitu kimoja, na mchana kutwa ni kitu kingine. Sasa Bakhit aliita akilowa, aliita akiona njaa, aliita nzi akimtua usoni, na aliita bila sababu yoyote. La ilaha. Hajara alijibu huku anakoroga unga, huku anapuliza makaa, huku anabishana na mteja mlangoni. Illallah. Alijibu kama mtu anavyosema naja, naja. Neno lililokuwa likimpasua moyo kwa upole lilikuwa limegeuka kazi nyingine miongoni mwa kazi.

Kila mchana alikuja Geresom kumsaidia kumgeuza mgonjwa. Geresom alikuwa Msoga, mlokole, aliyefanya kazi gereza moja na Bakhit, na sasa aliendesha gari kuukuu la kukodi pale mjini Jinja. Bado alimsalimia kwa kubana visigino.

"Afande, mimi nakuja," alikuwa akisema. "Leo nageukia wapi, Mecca ama dirishani?"

Bakhit alimjibu kwa yale mawili aliyonayo, Hajara akamalizia kutoka jikoni, na Geresom akatikisa kichwa.

"Mama Jamil, hii mzee iko naomba kushinda pasta yetu. Lakini wewe naisha. Mimi naona. Mwili yako nabaki kanga tu."

"Mwili itarudi, Geresom. Shika mguu."

Siku uchovu ulipomshinda ilikuwa siku ya mvua. Makaa yalikuwa yamelowa, chuma hakikushika moto, unga ulikuwa umechacha kupita kiasi, na Hajara alikuwa ametoka tu kubadilisha godoro. Alikaa kwenye kigoda. Ndiyo kwanza mgongo ulikuwa unaanza kuachia alipomsikia chumbani. La ilaha.

Hakujibu.

Hakukusudia. Mdomo tu ulikataa, kama punda anavyokataa njiani. Bakhit akaita tena, na Hajara akatazama mikono yake. Akaita tena, sauti ikipanda, na sasa Hajara alikuwa anakusudia. Acha aning'inie, alisema moyoni, acha naye aone. Bakhit aliita mpaka sauti ikakwaruza, na Hajara akaziba masikio kwa mikono iliyojaa unga, na unga ukamwingia nywelani. Ndipo alipojisikia akisema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Ya Rabbi, chukua mmoja wetu. Chagua mwenyewe."

Alistuka. Watu wengi wamewahi kuomba kifo cha mgonjwa wao, na Mungu anajua ni huruma au ni uchovu. Kilichomstua Hajara ni kwamba hakujali ni nani atakayechaguliwa. Alinawa, akaenda chumbani, akamkuta Bakhit analia kwa jicho moja lile linaloweza. Alimfuta bila kumwangalia. Jioni ile akampigia simu wifi yake.

Juwairiya alikuwa anaishi Mbale, kule upande wa viwandani, katika nyumba ya marehemu mume wake karibu na mashine za kusaga mahindi. Alikuwa mjane mwenye nafasi, anayefundisha wanawake dini siku za Jumapili, na aliupenda sana ujuzi wake.

"Wifi, mbona wewe nakawia hivi?" alisema. "Mulete. Ni ndugu yangu, tumbo moja. Huku iko vyumba, iko watu ya kuinua. Wewe lala, pona mgongo. Na kama yeye nataka kubaki kwangu moja kwa moja, mimi sikatai, na hakuna mutu atakusema."

Moja kwa moja. Hajara aliyageuzageuza maneno hayo usiku kucha. Jamil, mtoto wao pekee aliyebaki hai, alikuwa kazini Juba na hakuweza kuja. Hakukuwa na wa kumzuia. Alijiambia kwamba atampeleka kwanza, kisha ataona. Lakini moyoni alijua kwamba akishamtua hatamfuata tena, kwa sababu hatakuwa na nguvu za kumbeba mara ya pili.

Geresom aliwapeleka. Walimweka Bakhit kiti cha nyuma, ameegemea bega la Hajara, mito pande zote. Kutoka Iganga, barabara yote ya Tirinyi, aliangalia mashamba ya mpunga kama mtoto, akiita na kuitikiwa. Mlima Elgon ulikuwa umejifunika mawingu. Walipofika, Hajara alimweleza wifi yake kila kitu: uji uwe mwepesi, ageuzwe kabla ngozi haijawa nyekundu, dawa hii kabla ya chakula na ile baada yake, mkono ule usivutwe. Juu ya kalima hakusema kitu. Si kwamba alificha. Hakukumbuka tu, kama mtu asivyokumbuka kumwambia mgeni kwamba mlango wake unakwama, kwa kuwa mwenyewe huusukuma kwa bega bila kujua.

Alipoaga, Bakhit alimshika ncha ya mtandio wake kwa mkono wa kushoto. Hajara aliufungua mkono ule kidole kwa kidole.

Sitamsingizia majuto ambayo hakuwa nayo. Usingizi wa kwanza ulikuwa mtamu. Alilala mpaka jua likamkuta, akaoga maji mengi, akala amekaa. Mgongo ulianza kunyooka. Aliuza gurusa zake mapema kwa askari wa zamu, akarudi nyumbani na hakukuta mtu wa kumwinua, akakaa barazani kuangalia watu wanapita. Jirani mmoja alimuuliza kama hajisikii upweke. Alisema la, na alikuwa anasema kweli.

Lakini alfajiri moja, alipokuwa amepumzika vya kutosha kuweza kuhisi kitu, aliketi mkekani avute uradi wake. Alikaa. Tasbihi ilikuwa mkononi, kidole gumba kiko kwenye punje ya kwanza, na hakikusogea. Ulimi wake ulikuwa unangoja. Ndipo alipotambua kwamba katika ndoa yake yote hajawahi kuanza. Kazi yake ilikuwa kumalizia. Alijaribu kusema La ilaha kwa sauti yake mwenyewe na akaona kama amevaa viatu vya mwanamume, vinapwaya. Aliimaliza kalima, maana ni lazima, kisha akaisema tena na tena ikiwa nzima. Ilikuwa sahihi, na ilikuwa kavu. Mtu anayemtaja Mungu peke yake hakosi, na wapo mawalii walioishi hivyo mapangoni, lakini Hajara hakufundishwa hivyo. Yeye alimjua Mungu kwa sauti ya mtu aliyekaa karibu naye. Aliiweka tasbihi chini ya mto, akaenda kuwasha makaa. Alikuwa amechoka tena, na safari hii hakuwa amebeba kitu.

Simu ya Juwairiya ilikuja kabla ya Ijumaa. Hakusalimia.

"Wifi, kuja leo. Ndugu yangu amekufuru."

"Nini?"

"Yeye nasema hakuna Mungu. Asubuhi mpaka jioni, hakuna, hakuna. Sisi tunamwambia amalize, anakataa kwa kichwa. Hata uji anatema. Mimi nimeita Sheikh Jibril amsomee. Watu nasema ni jini ya jeshi, ile ya babu zetu, imemkalia."

Hajara alikata simu, akampigia Geresom.

Geresom aliliendesha gari lile kama aliyeliiba. Njiani Hajara alimweleza, na ilikuwa mara ya kwanza kumweleza mtu yeyote. Ilimwia vigumu, alisikia aibu kama anayesimulia mambo ya chumbani. Geresom alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa uso kwa kiganja.

"Kwa hiyo ile siku yote nilikuwa nafikiri naomba," alisema, "Afande alikuwa anaita wewe."

"Alikuwa anaomba," alisema Hajara. Alifikiri kidogo. "Na alikuwa anaita."

Nyumba ya Juwairiya ilikuwa imejaa ndala mlangoni. Moshi wa ubani ulikuwa mzito, na vumbi la mahindi kutoka mashineni lilikuwa limetulia juu ya kila kitu. Wazee wa msikiti walikaa mkekani, na Sheikh Jibril, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe na kifua kilichochoka kwa kusoma, alikuwa ameinama juu ya kitanda na bakuli la kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa. Bakhit alikuwa amekonda. Midomo ilikuwa imepasuka, na macho yalikuwa yanazunguka chumba, uso hadi uso, yakiuacha kila uso na kwenda mwingine.

"La ilaha," alisema. Sauti ilikuwa imebaki ganda tu.

"Sema illallah," sheikh akamwamrisha sikioni. "Sema, mzee. Sema ujiokoe."

Bakhit alitikisa kichwa. Mmoja wa wazee akaomba kinga kwa Mungu, mwingine akafunika uso kwa kanzu yake. Juwairiya alikuwa amesimama pembeni analia, ncha ya mtandio mdomoni.

Hajara hakuamkia mtu. Alikuwa bado mlangoni, ndala moja mguuni.

"Illallah," alisema, kwa ile sauti yake ya jikoni.

Bakhit aligeuza kichwa. Hakutabasamu, maana uso wake haukuweza tena kufanya kazi hiyo, lakini kifua kilipanda na kushuka kama cha mtu aliyeweka chini gunia. Akaita tena, naye akajibu. Alipita katikati ya magoti ya wazee, akakaa kitandani, na wakaendelea, polepole, mmoja akianza na mwingine akimaliza, katika chumba ambacho hakuna aliyethubutu kukohoa. Waliendelea mpaka kope za Bakhit zikafunga na nusu ya mwisho ikatoka kwa Hajara peke yake.

Sheikh aliweka bakuli chini.

"Mama, hii mambo naanza lini?"

"Tangu sisi maharusi, sheikh."

Mzee yule alichezea ndevu zake. Hakuwa mtu mbaya, na uchovu ulikuwa umemshika naye. "Astaghfirullah," alisema mwishoni. "Saa zote hizi mimi nafukuza jini, kumbe nafukuza bibi ya mutu." Akaomba chai, na wazee wakaanza kutafuta ndala zao.

Uani, Juwairiya alikuwa na hasira ya mtu aliyejiaibisha. "Kwa nini wewe hukuniambia? Mimi nimemwita ndugu yangu kafiri mbele ya msikiti mzima."

"Nilisahau, wifi. Mimi sikujua hii ni kitu ya kuambia mutu."

"Sasa nimejua. Nifundishe, mimi nitamjibu. Wewe rudi Jinja ulale. Naona vile uko."

Alikuwa akijitolea kwa kweli, na Hajara alilipima neno lile kwa kweli. Alikuwa ameokoa kitu mle ndani, lakini mgongo wake ulikuwa uleule. Kesho kutakuwa na shuka, keshokutwa kutakuwa na shuka. Mapenzi hayamwinui mgonjwa. Mikono ndiyo inayomwinua. Alikaa kwenye ngazi ya nyuma na kumwambia Juwairiya yote: siku ile ya mvua, nusu aliyoiacha ikining'inia, dua aliyoomba. Alitegemea wifi yake, mama wa darasa, ampe aya.

Juwairiya alikaa karibu yake. "Mimi mume wangu aliugua mwaka moja tu," alisema, "na mimi niliomba ile dua mapema kuliko wewe."

Mashine za mahindi zilikuwa zinanguruma.

"Nikimwacha hapa, atakufa akiniita," alisema Hajara. "Nikimchukua, nakufa mimi."

"Basi mimi naenda na nyinyi."

Hajara alimtazama.

"Nyumba hii ina wapangaji, haitakimbia," alisema Juwairiya. "Mpaka wewe ujue tena kulala. Halafu tutaona."

Kwa hiyo Geresom alirudi Jinja na abiria watatu na godoro juu ya gari. Nyumba ya Mafubira ikawa na wanawake wawili, na haikuwa rahisi, maana Juwairiya alikuwa na maoni juu ya chumvi, juu ya sabuni, na juu ya namna ya kukunja shuka. Lakini alikuwa na mikono. Walimgeuza Bakhit wawili, na mtu anayegeuzwa na wawili huwa mwepesi ajabu. Mchana Juwairiya alijizoeza kumjibu. Bakhit alimkubalia, kwa adabu, kama mtu anavyokubali chai kwa jirani. Alfajiri alibaki kuwa wa Hajara. Hata awe mgonjwa vipi, kabla hakujapambazuka Bakhit alikuwa ameshaita. Haikuwahi kupita alfajiri bila sauti ile, na Hajara aliamka kwayo, akajivuta kwenda kwake macho yakiwa bado yamefumba.

Halafu ikaja asubuhi ambayo Hajara alifungua macho na kuona jua limefika katikati ya ukuta.

Alilala akiliangalia. Nyumba ilikuwa kimya. Hakuna aliyemwita. Ilimchukua muda kuelewa kimya kile ni cha nini. Chukua mmoja wetu, alisema siku ile. Chagua mwenyewe. Basi amechagua. Alikwenda kile chumba cha pili bila kitambaa kichwani, akishika ukuta, na kila alichojitafutia mwaka mzima na kukikosa kilikuwa kimejaa kifuani mwake, hata hakikumwachia nafasi ya kupumua. Alimpenda. Alimpenda mzee yule, na amelala mpaka amekufa.

Bakhit alikuwa ameketi, ameegemezwa mito, macho yako wazi, yanatazama mlango. Tasbihi ilikuwa mapajani. Juwairiya alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, na kiganja cha kushoto cha Bakhit kilikuwa kimemkamata kifundo cha mkono kwa nguvu, kama askari anavyomshika mtu asikimbie.

"Polepole," alinong'ona Juwairiya, kana kwamba bado kuna mtu amelala. "Yuko hivi tangu alfajiri. Mimi nataka kukuamsha, yeye ananishika. Nikasema basi aanze, mimi nitamjibu, akafunga mdomo. Amekataa. Amekaa tu, anasikiliza vile wewe unakoroma."

Hajara alikaa chini, mgongo kwenye mlango, nywele wazi, mbele ya mtu ambaye kwa mwaka mzima alimdhani hajui kitu ila kuita. Alikuwa amemsafisha, amemlisha, amemkasirikia na kumwombea kifo, na hakuna siku hata moja aliyodhani kwamba kutoka kitandani pale yeye naye anaonekana.

"Mimi nimechoka, Baba Jamil," alisema. Hakuwa amewahi kumwambia.

Bakhit aliuachia mkono wa dada yake, akamwinamishia mkewe kichwa polepole, ndiyo, kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua siku nyingi.